Ubeti wa Otha

Jumatatu, 2 Juni 1997

Vonetta kaniambia nikizidi kuongea peke yangu jikoni atanipeleka Yazoo kwa mama yake nikaongee na kuku. Ndiyo maana naandika. Mke akishakutania mara tatu kwa jambo moja, ujue hatanii tena.

Leo tumeanza albamu ya pili, mimi na Otha. Ya kwanza tuliirekodi chumbani kwa mama yake, Bi Earlene, magodoro tumeyasimamisha ukutani sauti isirudi, kisha tukaiuza wenyewe kwenye mabuti ya magari kuanzia hapa Jackson hadi Memphis. Safari hii tuna kampuni ya Atlanta nyuma yetu, na studio yenye kiyoyozi. Otha kaingia, kasimama katikati, kajikunyata.

"Alvin, hawa wanarekodi muziki au wanahifadhi nyama?"

Mimi natengeneza midundo na kurap. Yeye anarap tu. Hivyo ndivyo ninavyopenda kulitamka, hilo "tu". Albamu itaitwa *Mto Ukijaa*. Kundi bado ni Wawili wa Bailey, kwa ajili ya barabara tuliyokulia.

Jumatano, 4 Juni

Joto. Mashine ya midundo imegoma saa tatu nzima. Hakuna tulichofanya.

Jumamosi, 7 Juni

Tumemaliza wimbo ambao nina hakika ndio utakaoibeba albamu nzima. Unaitwa "Maji Dirishani", unahusu Pasaka ya mwaka sabini na tisa, Mto Pearl ulipoingia mjini, sisi tukiwa na miaka sita. Naanza mimi, kinafuata kiitikio, halafu Otha. Ubeti wake unasimulia bibi yake alivyokataa kuokolewa mpaka amalize kukaanga kuku wa sikukuu, maji yakiwa magotini. Otha anaburuta maneno. Pale ambapo mtu mwingine angesema mistari minne, yeye anasema miwili, anapumua, anakutazama.

Jioni tukaupeleka garini. Hiyo ndiyo sheria yetu tangu tuna miaka kumi na saba: wimbo haujaisha mpaka usikike kwenye Oldsmobile ya Otha, yenye spika mbili butini kubwa kama masufuria ya kanisani. Tunapanda Bailey hadi kwenye mataa, tunageuza, tunarudi. Hakuna kuongea mpaka wimbo uishe. Bamba la namba huko nyuma likitetemeka pale tunapotaka, tumemaliza. Lisipotetemeka, tunarudi kazini. Na lolote tulilo nalo moyoni kuhusu wimbo tunaambiana mle ndani, vioo vimefungwa. Nje ya gari hatubishani. Tumeona makundi mangapi yakivunjika kwa kuumbuana mbele za watu.

Leo bamba limetetemeka. Otha hakuchangamka sana, alisema sauti yake imekwama puani. Nikamwambia alizaliwa imekwama huko.

Jumanne, 17 Juni

Bi Earlene kaanguka kwenye ngazi za kibarazani, kavunjika nyonga. Nimeshinda hospitali na Otha. Alipozinduka baada ya upasuaji, neno lake la kwanza lilikuwa, "Nani kazima jiko langu?" Otha akaangua kicheko, kisha akatoka haraka. Nilimkuta kwenye ukumbi amegeukia ukuta.

Jumapili, 22 Juni

Otha hatakwenda Atlanta kwenye kuchanganya sauti. Hana kaka wala dada wa kumwachia mama.

"Nenda wewe. Wewe ndiye sikio, mimi ni mdomo tu. Na mwambie huyo bwana asinipunguzie besi."

Nikamwahidi.

Alhamisi, 26 Juni, Atlanta

Naandika hotelini. Mvua inapiga tangu saa tano na sina pa kwenda.

Bwana wa kampuni anaitwa Lyndon Fairley, mzaliwa wa Philadelphia, viatu vinang'aa, hapandishi sauti. Ningependa awe mshenzi, ingenirahisishia kazi. Ni mpole. Aliusikiliza "Maji Dirishani" mara tatu kwenye vispika viwili vya mezani ambavyo Otha angevitumia kuzuia mlango.

"Huu ndio unaoanza redioni," alisema. "Haina ubishi."

Nikashukuru.

"Ila ubeti wa pili unalala."

"Haulali. Ndivyo tunavyoongea kwetu."

"Kwenu, sawa. Mimi nataka uchezwe Detroit. Nimewasikilizisha watu watatu wa redio kwa simu, Alvin, watatu, na wote wameniuliza swali moja: huyo wa pili anasema nini?"

Nikaanza kumweleza habari ya bibi na kuku. Hapo hapo nikajisikia mjinga, kama mtu anayeeleza kichekesho ambacho hakuna aliyecheka.

"Ivory yuko chumba cha pili," Fairley akasema. Prince Ivory ni kijana wa hapa Atlanta, hakuna redio isiyompiga mwaka huu. "Ana nusu saa. Ubeti ule ukibaki, wimbo unakwenda kabatini, na albamu inaufuata. Lakini prodyuza ni wewe. Sigusi kitu mpaka useme."

Nataka niandike kilichotoka mdomoni mwangu bila kukipamba, maana tayari nimeanza kukipamba kichwani. Sikusema ndiyo wala hapana. Nilisema, "Kwenye nyimbo nyingine zote Otha yumo." Fairley akatabasamu, akaenda kumwita Ivory. Mezani mbele yangu palikuwa na simu. Namba ya nyumbani kwa Otha naijua tangu darasa la tatu. Niliitazama ile simu kwa muda wote ambao Ivory alikuwa akijaribu vipokea sauti vya masikioni, na sikuinyanyua.

Na kuna jambo baya zaidi ya hilo. Ivory ana ulimi mwepesi, alimaliza kwa mara mbili tu, na nilipousikia wimbo ukiwa na sauti yake niliupenda. Nilitikisa kichwa. Nilisimama nikacheza! Kwa muda wa wimbo mmoja nilimsahau Otha kabisa.

Jumapili, 29 Juni

Nimerudi na kanda mbili mfukoni, mpya na ile ya zamani tuliyoitengeneza hapa. Otha alikuwa ananingoja nje, Oldsmobile imeoshwa, injini inanguruma.

"Panda, panda! Nimekaa na mgonjwa wiki nzima nasikiliza mahubiri. Nipe muziki kabla sijaokoka."

Nikampa ya zamani. Nilimwambia kampuni haijaitoa ya mwisho. Uongo ulinitoka laini mpaka nikaogopa.

Tukapanda Bailey. Bamba likatetemeka. Ubeti wake ulipofika alikunja uso, akaukunja mpaka mwisho. Tulipofika kwa mama yake akazima injini, akabaki ameshika usukani.

"Alvin, nataka nikwambie kitu kuhusu huu ubeti wangu."

Nilidhani kuna mtu wa Atlanta amempigia. Nikamkatiza kabla hajaendelea.

"Ubeti uko sawa. Usiuguse."

"Una hakika?"

"Nina hakika."

Akanitazama. "Haya. Wewe ndiye sikio."

Ijumaa, 4 Julai

Nyama ya kuchoma kwa Bi Earlene. Yuko kwenye kiti cha magurudumu na anaamrisha watu kuliko alipokuwa na miguu. "Alvin, geuza hizo mbavu, hujaajiriwa kuzitazama!" Baada ya kula akamtaka Otha aseme ule ubeti wa bibi, maana bibi huyo ndiye mama yake mzazi. Otha akasitasita, akasema, na mama mtu akacheka mpaka akashika nyonga. Majirani wakapiga makofi. Mimi nilicheka kwa sauti kuliko wote.

Nilikula mbavu tano bila kusikia ladha. Sijamwambia.

Jumatano, 9 Julai

Mvua kidogo. Sijamwambia.

Jumatatu, 14 Julai

Fairley kapiga simu. Kazi imekwenda kiwandani kuchapwa, na wimbo unatumwa redioni katikati ya Agosti. Nimemwambia safi. Sijamwambia Otha.

Jumapili, 20 Julai

Vonetta kaikuta kanda mpya kwenye mfuko wa suruali alipokuwa anafua, kaiweka kwenye redio ya jikoni. Niliusikia wimbo nikiwa bafuni, nikabaki mlemle sabuni usoni mpaka ukaisha.

"Otha yuko wapi?" akauliza.

"Yumo kwenye nyimbo nyingine zote."

"Sijakuuliza nyimbo nyingine."

Nikamweleza: Fairley, Detroit, kabati. Alikuwa anakunja nguo huku ananisikiliza, na alipofika kwenye shati langu akaacha kukunja.

"Anajua?"

"Natafuta wakati mzuri."

"Wakati mzuri ulikuwa Atlanta, ukaupita. Sasa tafuta mbaya, huo uko mwingi. Mtu aliyekushikia pete kanisani, Alvin! Hata kama ni kumnyang'anya mkate, angalau mwangalie usoni."

Nikamwambia haelewi biashara ya muziki. Akasema kweli, haelewi, akaenda kuanika.

Alhamisi, 24 Julai

Joto mpaka lami inanata. Sijamwambia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nilikwenda gereji ya matairi ya mjomba wa Otha, anapofanya kazi, nikiwa nimeshapanga maneno yangu yote njiani. Otha alikuwa anafunga gurudumu. Nikakaa kwenye ndoo nikamtazama. Alikaza nati zote, akazunguka akazikaza upya, kisha akazipitia mara ya tatu kwa vidole. Mwenye gari alikuwa anapiga miluzi ya kukosa subira, Otha wala hakugeuka. Miaka yote nimemcheka kwa uzito wake, nimewaambia watu kwamba mimi ndiye akili ya kundi na yeye ndiye breki. Leo niliona mtu ambaye hapendi kumpa mwenzake kitu asichokihakiki. Nikajionea aibu na ile kanda yangu mfukoni.

"Jumamosi ijayo!" akasema aliponiona. "Saa saba mchana, redio yetu wenyewe inaupiga kwa mara ya kwanza. Nimewaita watu wote pale wanapooshea magari. Mama namleta na kiti chake."

"Otha..."

Akainua macho. "Una sura ya mtu mwenye jambo. Twende garini?"

Gari lilikuwa hatua kumi kutoka tulipokaa. Alikuwa ameshaanza kufuta mikono.

"Hapana," nikasema. "Ni hili joto tu."

Jumamosi, 16 Agosti

Walikuja watu kama arobaini. Magari sita yalifunguliwa milango, yote redio moja. Bi Earlene aliwekwa kivulini na chai yake ya barafu, na kofia ya kwenda kanisani. Otha alivaa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka kwenye mikunjo ya mikono. Nilipofika nilikwenda moja kwa moja kumshika mkono, nikamwambia, "Njoo pembeni kidogo." Akacheka. "Pembeni ya nini? Dakika mbili zimebaki!" Nilikuwa na wiki saba, nikangoja mpaka zikabaki dakika mbili.

Mtangazaji akataja jina letu, watu wakapiga yowe. Ubeti wangu ukapita. Wananchi wa Bailey waliruka, mzee mmoja akapiga bati la gari lake kwa kiganja. Kiitikio kikaingia. Otha akainua mikono yote miwili.

"Tulieni, tulieni sasa. Mama, sikiliza."

Kikaisha kiitikio, akafungua mdomo ili aseme pamoja na redio, na kwenye magari sita ikatoka sauti ya Prince Ivory.

Aliendelea kidogo. Hilo ndilo nisiloweza kulitoa kichwani. Alisema mstari wake wa kwanza wote, na nusu ya wa pili, peke yake, kwa sauti, akidhani redio ndiyo iliyopotea njia na itarudi. Halafu akanyamaza. Kuna mtu akacheka, akifikiri ni mzaha tulioupanga. Kisha hakuna aliyecheka.

"Wamekosea kanda hao," Bi Earlene akasema. "Alvin, wapigie simu. Mwanangu, wapigie waambie wamekosea kanda."

Otha alikuwa ananitazama, na uso wangu ulikuwa umeshamwambia yote.

"Hawajakosea, mama," Otha akasema.

Hakusema kingine mpaka wimbo ukaisha. Alisimama pale na shati lake jeupe, akausikiliza ubeti wa mtu mwingine hadi mwisho, kwa sababu wimbo ukipigwa hatuongei. Lilipoanza tangazo la magodoro ndipo akauliza.

"Tangu lini?"

"Juni."

"Kabla ya siku ile garini au baada?"

"Kabla."

Akatikisa kichwa taratibu, kama fundi aliyeonyeshwa mahali palipovunjika. Akageuza kiti cha mama yake, akaanza kukisukuma kwenda nyumbani kwa miguu, kwenye lile jua, na Oldsmobile akaiacha milango wazi. Watu walinipisha. Nilifunga milango mmoja mmoja, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine.

Jumapili, 17 Agosti

Radi na mvua kubwa. Sikwenda kanisani. Vonetta kaenda peke yake, na hakunisema neno. Bora angenisema.

Jumatano, 20 Agosti

Nimepiga simu. Kapokea Bi Earlene.

"Otha yupo, mwanangu. Yupo hapa ananitazama. Hataki."

"Mama, naomba uniambie nifanye nini."

Nilisikia feni yake inavyozunguka.

"Nimekulisha tangu huna meno ya mbele, Alvin. Mambo ya redio siyajui, pengine mlikuwa na sababu. Mimi kilichoniuma ni zile mbavu. Ulikaa kwenye uwanja wangu, mtoto akasema maneno yake, na wewe ukacheka kutushinda wote. Ulikuwa unacheka nini?"

Nilisema samahani. Akasema anajua, akakata simu polepole.

Ijumaa, 29 Agosti

Hakuna kitu. Gari la Otha limepita Bailey bila muziki.

Jumanne, 2 Septemba

*Mto Ukijaa* imetoka leo. Niliikuta dukani, picha yetu wawili jaladani, Otha kafumba jicho moja kwa ajili ya jua. Fairley kapiga simu saa nne: Detroit wanaupiga wimbo, Chicago wanaupiga, St. Louis wanaupiga. Alikuwa sahihi kwa kila alichosema, na hilo linaniuma mahali nisipopafikia. Angekuwa amekosea ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimekwenda gereji. Otha hakunifukuza. Alikuwa kachuchumaa anakagua tairi, akaendelea kulikagua.

"Sikuja kujitetea," nikasema.

"Vizuri. Nina matairi saba leo."

"Nilipaswa kukuuliza."

"Ungeniuliza ningekubali."

Nilidhani ananikejeli. Lakini alikuwa anaongea kama anavyoongea siku zote, polepole, kila neno kwa zamu yake.

"Ule ubeti ulikuwa umelala, Alvin. Nilijua siku ileile tulipourekodi. Huyo bwana wa Atlanta ana masikio mazuri. Kwa hiyo nilipokuwa nimekaa na mama hospitali niliandika mwingine. Wiki nzima niliuandika. Ndio niliotaka kukwambia garini uliporudi, ukasema nisiuguse."

Nikakumbuka nilivyomkatiza. Nilikuwa nakimbia uongo wangu mwenyewe, nikamkanyaga yeye njiani.

"Uko wapi?"

Akajigonga kichwa kwa kidole chenye grisi.

"Nisomee, Otha. Tutaurekodi. Nitamwambia Fairley tuutoe upya, wewe na mimi, kama ilivyotakiwa."

"Hapana."

"Mistari miwili tu."

Akasimama, akajinyoosha mgongo. Hakuwa na hasira. Nilimtafuta hasira usoni, hata kidogo tu, maana hasira ningejua la kuifanya.

"Nilimsomea mama. Alilia katikati, mwishoni akacheka, akaniambia nikanawe nile. Umeshasomwa, Alvin."

"Na kundi?"

"Kundi lipi?" akauliza, akalivingirisha tairi ndani.

Jumanne, 16 Septemba

Fairley anauliza kuhusu albamu ya tatu, na jina gani liandikwe. Nimesema nitampigia.

Jumapili, 28 Septemba

Mvua tangu asubuhi, Vonetta kalala. Nimeutoa mdundo wa "Maji Dirishani" bila sauti zetu, nikajaribu kuuandika mimi mwenyewe ule ubeti ambao Otha hakunisomea. Nimejaribu tangu tulipotoka kanisani mpaka chakula kikapoa.

Tangu tukiwa watoto nilikuwa najua neno lake linalofuata kabla hajalifikia. Alikuwa ananipa nafasi, na mimi nilikuwa nakaa pale mbele namngoja, najivuna. Leo nimeupiga mdundo mara ishirini, kila kiitikio kinapoisha nimetega sikio. Najua kuna bibi na kuna maji. Najua katikati analia mtu na mwishoni anacheka. Naufahamu hata mahali angepumua.

Neno la kwanza silijui.